Kupanda miashoki kando ya ukuta bila kuizika: mwongozo kamili

Masika yakishakatika, simu huanza kuingia kitaluni kwangu kuhusu miashoki, ile miti mirefu inayopandwa kwa safu kando ya kuta. Maneno hayabadiliki: "Fundi, ile miashoki imekauka." Nikiuliza imekaukaje, naambiwa majani yaligeuka kahawia, yakapukutika, basi. Nikienda kuangalia nakuta safu ya vijiti kando ya ukuta mpya uliopigwa rangi vizuri, na kila kijiti kimemwagiwa maji asubuhi ileile.

Mwaka jana niling'oa kimoja mbele ya mwenye nyumba. Kilitoka kwa mkono mmoja, hakikubisha. Chini kulikuwa na kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche) cheusi kilekile alichonunua nacho, kimechanwa kitako tu. Ndani ya kiriba mizizi ilikuwa imejizungusha mara tatu nne kama ukili. Udongo wa ndani ulikuwa mkavu kama unga, wa nje ulikuwa tope. Mti ule ulikufa kwa kiu huku umezungukwa na maji.

Miashoki mingi ninayoitiwa imefia kwenye mizizi, na kosa lilifanyika siku ya kupanda au kabla yake. Kwa hiyo katika hatua zote hapa chini nitakuwa nakurudisha kwenye mzizi, hata pale ambapo wewe unatazama majani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Miche ya mwashoki, idadi utakayoipata katika hatua ya 1, pamoja na miwili ya akiba
- Futi kamba, kamba ya manila na mambo (vigingi) za miti
- Sururu, chepeo na jembe
- Samadi iliyooza, ndoo 2 za lita 20 kwa kila shimo
- Ndoo au mpira wa maji
- Wembe au kisu kikali
- Miti ya kuegemezea yenye urefu wa mita 1.5 hadi 2, na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vya kufungia
- Matandazo: nyasi kavu, majani makavu au pumba za mpunga, kama kiroba kimoja kwa kila mti
- Makuti au neti ya kivuli
- Mkasi wa bustani (huu hutauhitaji mwaka huu, usikimbilie kuununua)

Mbolea ya dukani sikuiweka, na sikusahau.

## Panda lini

Ukiwa Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja au Mombasa, panda masika yakishashika, baada ya mvua mbili tatu za maana kupita. Wakati huo udongo umelowa chini pia, si juu peke yake. Vuli nayo inafaa, lakini panda mwanzoni mwake. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda miashoki 16 mwishoni mwa Desemba kwa sababu nilikuwa na nafasi, likizo. Januari na Februari jua la kaskazi likaikuta bado haijashika ardhi. Kufika Machi nilibaki na 5.

Nyanda za juu zenye baridi mwashoki hukua kwa kujivuta. Sehemu zenye sakitu (baridi ya kugandisha), usijaribu.

## Hatua ya 1: Pima kwanza, nunua baadaye

Wengi hununua miche 30 kwa sababu imepatikana kwa bei nzuri, halafu wanaibana mpaka iishe. Anza na kamba.

Umbali kutoka ukutani: mita 1.5. Kiwanja kikiwa kidogo sana shuka hadi mita 1, usipite hapo. Mizizi ya mwashoki haina sifa mbaya ya kupasua misingi kama ya mifikusi. Sababu ya umbali huu ni nyingine: udongo ulio karibu na msingi umejaa mabaki ya saruji, chokaa na kokoto, tena ukuta hurudisha joto la mchana kwenye mche. Mzizi ukielekea huko unakutana na jiwe na jiko kwa pamoja.

Umbali kati ya mti na mti: mita 1.5. Kwa njia ya kuingilia nyumbani, ambapo unataka kila mti uonekane peke yake, weka mita 2.5 hadi 3.

Watu hunibishia hapa. "Nataka jirani asione ndani, kwa hiyo nibananishe, sentimita 60." Miaka miwili ya kwanza utafurahi. Baadaye miti inatiana kivuli, majani ya chini yanakosa jua na kupukutika, na unabaki na fito chini na majani juu. Jirani anaona ndani vilevile, kwa kupitia chini.

Mfano wa hesabu. Ukuta wa mita 20 kutoka kona hadi geti. Acha mita 1.5 kwenye kona na mita 1.5 kabla ya geti, zinabaki mita 17. Gawanya kwa 1.5, unapata nafasi 11 na kidogo. Ongeza 1, kwa kuwa safu inaanza na mti na kuishia na mti. Unahitaji miti 12. Piga mambo 12, nyoosha manila, simama mwisho wa safu ufumbe jicho moja. Ukiona mambo moja tu, safu imenyooka.

Onyo. Usipande chini ya nyaya za umeme. Mwashoki ukiachwa unapita mita 10 bila shida. Usipande karibu na karo wala shimo la maji taka. Acha mita 4. Na usipande pale unapoegesha gari. Miti ikikomaa itazaa, popo watakuja usiku kula matunda, na asubuhi utayaona mabaki yake kwenye kioo na ukutani. Hili hakuna muuzaji atakayekwambia.

## Hatua ya 2: Chagua mche kwa kuangalia kitako cha kiriba

Kuna miashoki ya aina mbili na wauzaji huichanganya. Mmoja ni mwembamba, matawi yake yanaanguka chini na kuukumbatia mti, unasimama kama mnara. Huo ndio wa ukutani. Mwingine hutanua matawi kwa pembeni na kufanya kivuli. Mzuri kwa uwanja mpana, balaa kwa kiwanja cha futi hamsini. Mche mdogo wa sentimita 30 ni vigumu kuutambua. Nunua wenye sentimita 60 hadi mita 1, ambao vitawi vimeshaanza kuonyesha tabia.

Sasa inua kiriba. Usitazame majani kwanza.

Mzizi mnene ukiwa umetoboa kitako na kuingia ardhini, muuzaji atauvuta na utasikia unakatika. Mche huo umeacha nusu ya uhai wake kitaluni. Bonyeza kiriba pembeni: kikiwa kigumu kama tofali, mizizi imejaa na inazunguka. Kikibonyea kidogo na kurudi, uko salama.

Mtego mkubwa ni mche wa mita 2 ndani ya kiriba kidogo. Unaonekana mzuri, unakupunguzia miaka miwili ya kusubiri, na bei yake inakufanya ujione mjanja. Mche ule umekaa kwenye kiriba muda mrefu kupita kiasi. Wa sentimita 70 uliopandwa siku hiyohiyo utaufikia na kuupita.

Baada ya hapo tazama juu. Kilele kiwe kizima, hakijakatwa wala kuvunjika. Majani machanga yawe ya rangi ya shaba, laini, yanang'aa. Hiyo ni alama kwamba mche unakua wakati huu. Majani kuning'inia si ugonjwa, ndivyo mti wenyewe ulivyo. Gusa jani: zima huwa gumu kidogo na linateleza, lililonyauka huwa tepetepe kama kitambaa.

Usione aibu kuinua viriba vya watu. Muuzaji akinuna, mwache anune.

## Hatua ya 3: Chimba shimo, kisha lijaribu kwa maji

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 60. Udongo wa juu, ule mweusi wa sentimita 20 za kwanza, urundike upande mmoja. Wa chini urundike upande mwingine.

Fundi atakwambia hilo ni kaburi, mche wenyewe mdogo. Mwambie aendelee. Hulichimbii ukubwa wa mche. Unaulainishia mzizi njia ya mwaka mzima. Karibu na nyumba mpya, shimo hili pia ndilo litakalokuonyesha walichofukia mafundi: vipande vya tofali, mifuko ya saruji, mbao. Toa vyote. Mbao zilizofukiwa ni mwaliko kwa mchwa, na saruji huharibu udongo kwa namna utakayoiona kwenye majani baada ya miezi.

Kisha mimina ndoo 3 za maji na uondoke. Rudi kesho yake.

Maji yakiwa yamekwisha, endelea. Yakiwa bado yamesimama, una udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, na mwashoki hauvumilii mizizi kuloa siku nyingi. Mti huu ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope, na aliyewahi kufuga mstafeli kwenye tope anajua ulivyoishia. Suluhisho si kuweka kokoto chini ya shimo. Maji yatajaa hapohapo juu ya kokoto. Nyanyua tuta la sentimita 30, upana mita 1, upande juu yake.

Maji yakiisha kabla hujafika getini, una mchanga mtupu, kama sehemu nyingi za Kigamboni. Ongeza samadi iwe ndoo 3 badala ya 2, na ujiandae kumwagilia mara nyingi zaidi kwa kiasi kidogo.

Changanya samadi na ule udongo wa juu. Shimo la kipimo hiki humeza karibu ndoo 11, kwa hiyo utahitaji pia sehemu ya udongo wa chini kujazia. Rudisha mchanganyiko mpaka shimo libaki na kina cha kiriba tu, ukanyage taratibu, umwagilie, uache wiki moja utulie. Ukipanda siku hiyohiyo udongo utashuka baadaye na mti utazama nao.

Onyo kuhusu samadi. Ingiza mkono ndani ya rundo. Ikiwa ya moto au inanuka mkojo, haijaiva na itaunguza mizizi michanga. Iliyoiva ni ya baridi, nyeusi, inamomonyoka, inanuka udongo.

## Hatua ya 4: Zoesha mche jua

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu.

Asili ya mwashoki ni misitu ya kusini mwa India na Sri Lanka, misitu isiyopukutisha majani. Mche wake huota chini ya kivuli cha miti mikubwa na hukua ukilifuata jua polepole. Kitaluni nasi tunauweka chini ya neti au makuti. Ukiutoa hapo saa nne asubuhi, ukaupakia kwenye bajaji na kuuchomeka kando ya ukuta mweupe, majani yake hayajajiandaa. Yataungua ndani ya siku tatu na utadhani ni ugonjwa.

Ukifika nyumbani, weka miche mahali penye jua la asubuhi tu, kwa wiki moja. Wiki ya pili isogeze ipate jua hadi saa sita. Mwagilia kila siku kwenye kiriba. Wiki hizi mbili ndizo unazozitumia kuchimba na kusubiri mashimo yatulie, kwa hiyo hupotezi muda wowote.

Ukikosa nafasi hiyo, panda lakini simamisha makuti upande wa magharibi wa kila mche kwa wiki 3. Jua la alasiri ndilo kali.

Utajua imefanikiwa majani ya zamani yakibaki kijani. Jani moja mawili ya chini kuwa njano na kuanguka ni kawaida.

## Hatua ya 5: Siku yenyewe ya kupanda

Panda jioni, saa kumi na moja kuendelea, ili mche upate usiku mzima wa kupoa.

1. Mwagilia kiriba muda wa saa mbili kabla ya kupanda. Bonge lililolowa vizuri halivunjiki. Kavu linabomoka na kukata nyuzi za mizizi.

2. Chana kiriba chote, utoe. Pitisha wembe kuanzia juu hadi chini upande mmoja, kisha zungusha kitako. Kivue kama ganda. Mafundi wengine huacha kiriba "ili udongo usimwagike" na kuchana kitako tu. Hapo ndipo miti ya wateja wangu inapokufa. Simama hapo uhesabu: miche 12, viriba 12 vitupu mkononi. Kikipungua kimoja, kuna mti umeshafukiwa nacho.

3. Tazama mizizi. Ikiwa inazunguka pembeni, kata kwa wembe mistari 3 ya wima kuzunguka bonge, kina sentimita 1. Kitakoni ukikuta mzizi mkuu umejikunja kama mkia wa kinyonga, kata hilo duara. Mkono utasita. Kata. Mzizi uliozoea kuzunguka utaendelea kuzunguka hata ukiuweka kwenye shamba zima, na siku upepo wa kusi ukivuma sawasawa, mti wa mita 5 unalala chini kama ulisimamishwa juu ya sahani.

4. Weka bonge, angalia kimo. Pale shina linapokutana na mizizi pawe sawa na ardhi, au juu yake kwa sentimita 2. Kufukia shina ili mti "usimame imara" huozesha ganda. Laza mpini wa jembe juu ya shimo utumie kama kipimo.

5. Jaza udongo pembeni na bonyeza kwa viganja. Kukanyaga kwa kisigino kunashindilia udongo na kuvunja mizizi.

6. Tengeneza kisahani. Kingo za udongo kuzunguka mche, upana sentimita 60, zimeinuka sentimita 10. Mimina lita 20 polepole. Udongo ukishuka, ongeza.

7. Egemeza. Mti wa kuegemezea upigwe upande upepo unakotoka, nje ya bonge. Funga kwa mpira wa baiskeli kwa umbo la nane, ulegee kiasi cha mche kuyumba kidogo. Shina linalotikisika hunenepa, lililobanwa hubaki ufito. Ondoa baada ya mwaka mmoja.

Utajua imefanikiwa ukishika shina kesho yake na kulivuta juu kidogo: ardhi ya pembeni inanyanyuka nalo. Likitoka kwa wepesi kuna uwazi chini. Bonyeza tena na umwagilie.

## Hatua ya 6: Maji ya mwaka wa kwanza

Swali ninaloulizwa ni maji kiasi gani. Swali la kwanza linatakiwa kuwa wapi.

Wiki 4 za mwanzo mizizi yote bado imo ndani ya bonge lile la kiriba. Ukimwaga maji kwenye kingo za kisahani, unamwagilia ardhi isiyo na mzizi. Mwaga karibu na shina, taratibu, lita 10, mara 3 kwa wiki. Mvua ikinyesha vizuri, ruka zamu.

Kuanzia wiki ya 5 anza kusogeza maji nje, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye shina, lita 20 mara 2 kwa wiki. Mzizi hautoki kwenda kutafuta maji kama unaletewa mdomoni. Baada ya miezi 3 mwagilia lita 20 hadi 30 mara moja kwa wiki mpaka kiangazi cha kwanza kiishe. Mwaka wa pili mti utakuomba maji katika ukame mkali tu.

Kipimo cha kweli ni kijiti. Choma sentimita 20 ardhini, vuta. Kikitoka na udongo mbichi umekigandia, usimwagilie leo, hata kama juu pamekauka na pameanza kupasuka. Kwenye mfinyanzi punguza zamu kwa nusu.

Kunyunyizia majani kwa mpira kila jioni kunapendeza macho. Chini hakufiki kitu.

Onyo kwa wenye visima vya maji chumvi. Pwani hili ni tatizo kubwa. Maji ukiyaonja yana chumvi, na ardhi ikikauka inaacha utando mweupe, mwashoki mchanga utaungua kingo za majani. Kusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati kwa ajili ya miezi 3 ya mwanzo. Ukilazimika kutumia ya kisima, mwagilia kwa wingi na kwa nadra, maji yapenye na kusukuma chumvi chini, badala ya vikombe viwili kila siku vinavyoirundika juu.

## Hatua ya 7: Matandazo na samadi

Tandaza nyasi au majani makavu unene wa sentimita 8 ndani ya kisahani chote, lakini acha sentimita 10 wazi kuzunguka shina. Matandazo yanayogusa shina huweka unyevu kwenye ganda na kumpa mchwa daraja.

Mwashoki wenyewe hupukutisha majani mwaka mzima, kidogokidogo. Usiyachome. Yafagie yarudi chini ya mti.

Mwanzoni mwa kila msimu wa mvua, weka ndoo moja ya samadi kwa kila mti, kwa duara, mbali na shina. Inatosha. Mbolea ya chumvichumvi kwenye mche wa wiki mbili, ambao hauna hata mzizi wa kuipokea, ni kuunguza pesa na mti.

Utajua imefanikiwa kati ya wiki ya 6 na ya 10: kileleni hutoka vijani vya rangi ya shaba, vyembamba, vimekunjamana kingo. Ukiviona mzizi umeshika. Usipoviona lakini majani ya zamani bado yako imara, vumilia. Chini kazi inaendelea.

## Hatua ya 8: Mkasi, na kwa nini uusubirishe

Usikate kilele kabla mti haujafikia urefu unaoutaka. Umbo lote la mnara linategemea kilele kimoja kinachoongoza. Kikikatwa mti ukiwa na mita 1, vinachipua vitatu vinne vinavyogombania uongozi, na mti unanenepa kama chungu. Hautarudi kuwa mnara.

Usikate matawi ya chini "kuusafisha". Hayo ndiyo pazia lako, na mti mchanga unanenepeshwa shina na majani hayohayo.

Ukitaka uzio wa mita 4, ngoja upite mita 4, kisha kata kilele kwenye mita 3.7 mwanzoni mwa mvua. Ukishakata mara moja umejiandikia kazi ya kila mwaka, kwa kuwa vichipukizi vya juu havitaacha. Kwa maoni yangu mwashoki usiokatwa kabisa ndio mzuri zaidi, na anayetaka uzio mfupi wa kunyoa angepanda kitu kingine.

## Mti ukiumwa, usome hivi

Kila kitu kimekauka, hujui kama ni mzima. Kwangua ganda kwa kucha, anzia juu ushuke. Ukikuta kijani chini ya ganda, bado upo. Kata sehemu iliyokufa, weka kivuli, endelea na maji. Usiung'oe kwa miezi 2.

Umenyauka mchana, jioni umerudi. Wiki ya kwanza ni kawaida. Ukiamka asubuhi bado umenyauka, tatizo liko chini: choma kijiti ujue ni kiu au tope, kisha uondoe udongo kwa vidole kutafuta kiriba.

Kingo za majani kahawia, katikati kijani. Chumvi, au maji hayafiki ndani ya bonge.

Majani machanga ya njano, mishipa imebaki kijani. Hiyo ni saruji na chokaa. Udongo ukizidiwa na chokaa, madini ya chuma yanajifungia na mzizi hauwezi kuyachukua ingawa yapo. Chimbua pembeni utoe vipande, ongeza samadi iliyoiva kila msimu; duka la pembejeo litakuuzia madini ya chuma ya kupulizia majani wakati unasubiri.

Pamba nyeupe kwenye vikonyo, majani yana masizi meusi. Hiyo pamba ni wadudu wadogo, vidung'ata; wanafyonza utomvu na kudondosha maji matamu, na masizi ni kuvu iliyoota juu ya utamu huo. Tafuta sisimizi wanaopanda shina, wanawalinda. Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, pulizia jioni chini ya majani, rudia kila baada ya siku 5 mara tatu. Kata vitawi vinavyogusa ukuta, ndivyo njia ya sisimizi.

Majani yametafunwa. Viwavi wa vipepeo. Okota kwa mkono, au waache. Sijaona mti uliokufa kwa ajili yao.

Njia za udongo zinapanda shina. Mchwa. Zibomoe, ondoa matandazo karibu, mwagilia. Mchwa hupenda mti uliokwisha dhoofika, kwa hiyo baada ya kumfukuza rudi utafute kilichoudhoofisha.

## Ukitaka kuotesha mwenyewe

Wanaoshindwa hapa wanashindwa kwa jambo moja: wanaanika mbegu juani kama mahindi. Mbegu ya mwashoki ni ya msituni, haijaumbwa kungoja. Ikikauka imekufa, na kuihifadhi kwenye bahasha hadi msimu ujao ni bure.

Nenda asubuhi chini ya mti uliokomaa. Popo watakuwa wameshakumenyea. Utakuta mbegu zimezagaa, zina mfereji katikati. Matunda mazima meusi nayo okota, kila tunda lina mbegu moja. Menya nyama, osha, tumbukiza ndani ya ndoo ya maji. Zinazoelea tupa.

Panda siku hiyo, au ndani ya wiki moja zikiwa zimefunikwa kwa gunia bichi. Zilaze kwenye kitanda cha mchanga na mboji, kina sentimita 2, chini ya kivuli. Udongo ubaki na unyevu bila kuloa. Kwangu huchomoza kati ya wiki ya 3 na ya 8, hazitoki pamoja, kwa hiyo usivunje kitanda kwa kuwa robo tu ndiyo imeota.

Mche ukiwa na majani mawili matatu, hamishia kwenye kiriba kirefu, sentimita 25 kwenda chini au zaidi, kimetobolewa matundu pembeni. Kila baada ya miezi 2 inua viriba, ukate mizizi iliyochungulia. Panga vile vya kwenda ardhini kwa mwezi wa kuanza mvua, na vile ambavyo vimekaa zaidi ya mwaka na nusu vihamishie kwenye viriba vikubwa kabla mteja hajaja kuvibonyeza.